Mwanangu ametoka katika dini yetu: je, nimpelekee chakula?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mama wa watoto watano, nauza samaki wakavu hapa Busia. Mwanangu wa pili ana miaka 23. Tulimsomesha chuoni mpaka akahitimu Qur'ani, lakini tangu mwaka jana yuko na walokole na amesema wazi kwamba harudi. Baba yake amemfukuza, na jina lake halitajwi tena nyumbani. Kila Ijumaa natia posho na maharagwe kwenye bakuli, nalifunga kwa leso, nampa mdogo wake ampelekee kwenye chumba alichopanga. Mume wangu hajui. Je, napata dhambi? Na tulikosea wapi katika malezi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah, mama yangu. Nianze na bakuli, maana naona ndilo linalokunyima usingizi.

Kumlisha mwanao si dhambi. Asmaa binti Abu Bakr alijiwa na mama yake Madina, naye mama huyo alikuwa bado mshirikina. Asmaa akamwuliza Mtume (s.a.w.) kama amuunge. Akaambiwa: ndiyo, muunge mama yako. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Na katika Suratul Mumtahina, aya ya 8, Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Mwanao hajakupiga vita.

Najua wapo watakaokuambia kwamba aliyetoka katika dini si sawa na aliyezaliwa nje yake. Yaliyoandikwa katika vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini yetu, juu ya aliyetoka ni mambo ya kadhi na dola. Hayakuwekwa mkononi mwa baba wala mama. Na Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 29, inampa kila mtu uhuru wa dini. Kwa uhuru huohuo sisi Waislamu, tuliohesabiwa asilimia 13.7 katika sensa ya 2014, tunaadhini bila hofu. Mimi nakujibu la nyumbani.

Kinachonisumbua ni siri. Kama posho ile umeinunua kwa fedha ya samaki wako, ni mali yako, huhitaji idhini ya mtu kuitoa. Kama ni ya mumeo, mwambie. Na hata ikiwa ni yako, huyo mdogo wake asifundishwe kupita nyuma ya nyumba kumtazama kaka yake.

Sasa niseme na mzee mwenyewe, kwa heshima. Nabii Nuhu alikuwa na mwana aliyekataa. Maji yanapanda, jahazi linaondoka, naye bado anamwita, "Ya bunayya", ewe mwanangu, panda pamoja nasi. Hakumvua jina la mwana, na mwana alipogharikishwa, Nuhu alimlilia Mola wake. Mzazi ninayemkuta katika Qur'ani akimfukuza mwanawe kwa sababu ya dini ni Azar, baba yake Nabii Ibrahim. Katika Suratu Maryam anamwambia Ibrahim: usipoacha nitakupiga mawe, niondokee kwa muda mrefu. Ibrahim akajibu: amani iwe juu yako. Mzee wangu, tuliamrishwa kufuata mila ya Ibrahim. Inaniuma kuona nyumba ya Kiislamu inatumia maneno ya Azar.

Na tusisahau tulikotoka. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara, alifika na Uislamu kwa Kabaka Suna, mfalme wa Buganda, mwaka 1844. Nawatoa Wanubi, waliokuja hapa wakiwa Waislamu tayari, lakini wengi wetu wengine tukihesabu mababu tunafika kwa kijana aliyemwacha baba yake kwenye ibada ya jadi akaja kusimama safu. Mwaka 1876 vijana wa kasri walikataa kula nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa, na Kabaka Mutesa akaamuru wauawe, wapata 70. Baba zao hawakuwahi kushika msahafu. Tunawaita mashahidi wetu, na ni haki. Basi hatuwezi kumwambia kijana kwamba kosa lake ni kuacha dini ya wazazi. Hiyo ilikuwa hoja ya Makuraishi, watu wa Makka waliompinga Mtume, na Suratul Baqara, aya ya 170, inaijibu: hata kama baba zao hawakuwa wakielewa kitu? Abu Talib, aliyemlea Mtume na kumkinga, alikufa akisema yuko juu ya mila ya Abdul Muttalib. Alibaki kwenye dini ya baba yake. Haikumfaa.

Mlikosea wapi? Sikujui nyumbani kwako, mama, siwezi kukuhukumu. Nuhu alikuwa Nabii na mwanawe akazama. Lakini Mtume amesema kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani maumbile safi, na wazazi wake ndio humfanya Myahudi, Mnasara au Mmajusi. Tumezoea kuisoma hadithi hii kama lawama kwa wazazi wa dini nyingine. Inatuhusu sisi pia. Nilipokuwa nafundisha chuoni, mtoto wa miaka kumi na moja aliweka kidole juu ya neno "al-hutwama" katika Suratul Humaza akaniuliza ni nini. Nikamwambia soma tu, utaelewa ukikua. Hakuniuliza tena neno lolote. Amekua, na msikitini kwetu simwoni. Mwanao huko alikokwenda wanaketi naye, wanamwombea kwa jina lake, kwa lugha anayoota nayo. Sisi pia nje ya swala tunaweza kuomba dua kwa Kiswahili, Kisamia au Kiganda, na ni wangapi tuliomwombea kijana hivyo akiwa ameketi mbele yetu?

Kuhusu mirathi, kwa ufupi: Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani, hadithi yake ni sahihi. Msiifanye fimbo ya kumtishia.

Ijumaa hii zungumza na mumeo baada ya swala ya Alasiri, akiwa ametulia, na umwambie habari ya bakuli kwa kinywa chako. Akighadhibika, mvumilie, usibishane naye. Akikubali, nendeni wote wawili, mwite mwanao kwa jina lake, kuleni naye, na siku hiyo msijadili dini hata neno moja. Akikataa, niandikie tena. Nitapanda matatu kutoka Mbale nije niketi na mzee mwenyewe, inshaallah.