Tisa si tisa, mkuu. Usilipe hiyo bastola Ijumaa

Mkuu, usilipe. Ijumaa ikifika mwambie dalali umepata msiba, una harusi, mama watoto kajifungua, chochote kile. Ila hela isitoke.

Nimesoma bandiko lako nikiwa dukani kwangu hapa Masasi, mteja anasubiri salfa yake ya kupulizia mikorosho, mimi natoa macho kwenye simu. Unasema uko Newala, una bastola ya 7.65 ya zamani, unataka ya pili yenye nguvu zaidi kabla msimu wa korosho haujafunguliwa, na kuna mtu anakuuzia 9x18 kwa bei ya kutupa. Unauliza uchukue hiyo, au 9x19, au .45, zote ni saizi za risasi: 9x18 maana yake unene wa tisa na ganda la urefu wa milimita 18. Halafu kuna swali la mkoba wa kiunoni, la kutu, na kama shemeji naye anaweza kujifunza.

Hiyo bei ya kutupa, mkuu, ni kwa sababu mwenyewe anaitupa. Najua, kwa kuwa mwaka 2023 niliiokota mimi.

Yangu ni CZ 83. Bastola yenyewe sina ugomvi nayo, chuma kizuri, inakaa mkononi vizuri. Wacheki waliitengeneza kwa risasi za aina tatu tofauti: 7.65, .380 na 9x18 Makarov. Yangu ni hiyo ya Makarov. Dalali, mtu mzima, anaswali safu ya mbele, akaniambia, "Mjomba, tisa ni tisa. Risasi za tisa zimejaa Dar." Ile kauli ningeiandika ukutani niipige mawe kila asubuhi.

Wewe ni mtu wa kusini, kwa hiyo nikikuambia hivi utanielewa haraka: tisa ya bastola ni kama kilo ya kangomba, korosho ya mlanguzi asiyepima kwa mizani ya haki. Kwa mdomo ni kilo, ukiipeleka kwenye mizani unalia. 9x19, ile Georg Luger aliyoitoa mwaka 1902 Wajerumani wakiwa bado wamekaa boma la Mikindani, unene wa risasi yake ni milimita 9.01. .380, wanayoiita tisa fupi, ganda lake lina urefu wa milimita 17, na risasi ni nene hivyo hivyo, 9 na kidogo. Lakini 9x18, iliyoingia jeshi la Sovieti 1951, inaitwa tisa na unene wake ni 9.27. Robo milimita nzima. Zote tatu zinaitwa tisa na hakuna hata moja inayokaa sawasawa kwa mwenzake.

Sikuyajua hayo. Nilipewa bastola na risasi kumi na moja, nikazimaliza kwenye shabaha kama mtoto aliyepewa pipi. Leseni yangu nayo, aliyeijaza kwenye sehemu ya risasi aliandika "9 mm" akanyamaza. Nilishukuru kwamba mwandiko ni mzuri.

Kutafuta za kuongeza, kwetu huku hakuna. Nikaenda Dar, kilomita kama 600, mwanzoni mwa Mei 2024. Duka la kwanza walikuwa na 9x19 rafu nzima. Yangu? Hakuna. Duka la pili hakuna. La tatu, kijana mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba akatazama leseni, akaona 9 mm, akatazama bastola, akasema, "Hii inakula tisa fupi, bro." Akanifungia boksi la risasi 50. Nikalipa na ahsante juu. Kijana yule, popote ulipo, miwani ivue, usome chuma kilichoandikwa ubavuni. Kimeandikwa! Nami pia nilikuwa na macho mawili, sawa, hilo nalimeza.

Kurudi sasa. Kimbunga Hidaya kimeshapita, barabara imekatika Somanga, magari hayaendi Lindi wala hayatoki. Siku nne nakula hela ya gesti, duka limefungwa, ndipo nikazunguka Iringa, Makambako, Songea, Tunduru, mpaka Masasi. Zaidi ya kilomita 1,300 kulinda boksi la risasi ambazo si zangu. Kila kizuizi naonyesha leseni kama bwana harusi anayeonyesha cheti cha ndoa.

Jumamosi yake nikaenda kwenye shabaha, mbele ya mkufunzi mmoja askari mstaafu. Risasi ya kwanza ikatoka, karatasi haikuguswa. Nikasema upepo. Ya pili ikapiga karatasi kiubavu, tundu refu kama la funguo. Ya tatu ganda likakwama, na lilipotolewa lilikuwa limevimba tumbo kama mjusi aliyemeza mende. Mzee akaninyang'anya bastola, akaichomoa magazini, akaitazama mtutu kwa juu, kisha akanitazama mimi. Akauliza ninao watoto wangapi. Nikamwambia wanne. Akasema, "Basi waonee huruma."

Akachukua kipimo cha fundi na kupima mbele yangu. Ndipo nilipoijua robo milimita. Risasi nyembamba kwenye mtutu mpana haishiki zile ringi za ndani, inatoka inayumba kama mlevi wa uraka, pombe ya mabibo. Na ganda lisilobanwa na chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kulipuka, linaweza kupasuka, huku uso wako uko pale pale nyuma yake. Usijaribu, na usimsikilize atakayekuja chini ya uzi huu kusema yeye amezipiga mia.

Hesabu yangu: bastola, safari, siku zilizopotea, boksi ambalo siwezi kulitumia, halafu kuanza upya. Bastola nyingine ni maombi mapya, serikali ya mtaa tena, kata tena, wilaya tena, polisi tena. Ile CZ nimeikabidhi polisi. Iko huko, inapumzika kuliko mimi.

Kwa hiyo kaliba, yaani saizi ya risasi, usiichague kwenye bastola, ichague kwenye rafu. Kabla ya kumuuliza mtu bei, ingia dukani kama huna silaha, uliza risasi gani wanayo leo na ipi walikuwa nayo mwaka jana mwezi huu. Hiyo inayopatikana kila mara ndiyo kaliba yako. Nilipouliza mimi, jibu lilikuwa 9x19 kila duka, na ndiyo ninayobeba sasa.

.45? Risasi yake ina gramu karibu 15, mara mbili ya 9x19, ila inakwenda taratibu. Watu wanabishana juu yake tangu babu zetu hawajaoa. FBI, wapelelezi wa Marekani, walihamia risasi ya .40, wakaja kurudi kwenye tisa, 9x19 hiyo hiyo. Na wao hawapiti Somanga. Hata 7.65 yako, naamini risasi zake unazihesabu kama kete za bao.

Mkoba, kutu na mafunzo ya shemeji watakujibu wengine, mteja wa salfa ameanza kugonga meza. Wewe leo hii mwombe dalali akupigie picha ubavu wa mtutu, maandishi yaonekane, uiweke hapa. Akisema "tisa ni tisa", niambie ana miaka mingapi na anaswali msikiti gani.