Kanisa la kale likiwa wazi, ingia tu
Umeuliza kama unaweza kuingia kanisa la kale ulilokutana nalo ukizurura mjini, na utazame nini. Ingia, ila ukikuta ibada keti nyuma kimya au rudi baadaye. Usikimbilie madhabahu. Anza na sakafu: huenda unakanyaga makaburi, maandishi yake yamelika kwa nyayo za watu. Halafu inua macho kwenye matao. Yaliyochongoka juu ni mtindo wa Kigothi, ulioanzia Ufaransa karne ya 12 (ingawa uliigwa sana karne ya 19, usidanganyike). Madhabahu nyingi za zamani ziko mashariki, kwa hiyo vioo vya rangi vya upande huo huwaka asubuhi. Mimi nilienda jioni, nikaambulia giza na harufu ya ubani.