Kabla ya kumsoma Bork, fungua faili la invoisi

Juzi mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa mwisho aliniandikia: "Mwalimu, tasnifu yangu ni ya sheria ya ushindani. Nianze na kitabu gani?" Nilicheka, ila kwa uchungu. Swali hilohilo ndilo lililoniaibisha.

Rasimu ya kwanza ya tasnifu yangu ilikuwa na kurasa arobaini za Robert Bork, yule Mmarekani aliyeandika mwaka 1978 kwamba sheria za ushindani, zile za kudhibiti nguvu za kampuni kubwa sokoni, zipimwe kwa ustawi wa mlaji. Bei ikishuka, basi serikali ikae kando. Msimamizi wangu aliirudisha na maneno matatu ya wino mwekundu: "Na mama mboga?" Wiki mbili sikumpokelea simu. Kusema kweli bado inaniuma kidogo, maana zile kurasa nilikuwa nimezipenda.

Nikaenda Limuru kwa mama mkubwa, ambaye alikuwa akipeleka spinachi kwenye supamaketi moja. Akanitolea faili lililofungwa kwa uzi wa gunia. Invoisi ya Septemba ililipwa Februari. Spinachi isiyonunuliwa ilirudishwa imenyauka, na pesa yake ikakatwa. Na wiki hiyohiyo duka lilikuwa na ofa ya spinachi! Kwa kipimo cha Bork mambo yalikuwa shwari, maana mlaji alinunua rahisi. Mama mkubwa hakuwa mlaji, basi hakuonekana.

Ndipo nikamsoma Lina Khan, aliyeandika kuhusu Amazon mwaka 2017 akiwa bado mwanafunzi wa sheria Chuo Kikuu cha Yale, kwamba bei nafuu inaweza kuficha ukiritimba. Nilisoma usiku kucha, wivu ukinila. Lakini sheria yetu Kenya ilikuwa imeshamwona mama mkubwa: marekebisho ya 2016 na 2019 yanakataza mnunuzi mkubwa kuchelewesha malipo bila sababu au kumtupia muuzaji hasara yake. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour nchini faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kwa malalamiko ya wauzaji wawili, mmoja wa asali. Si duka alilouzia mama mkubwa, lakini habari ile niliisoma mara tatu.

Kwa hiyo dada, anza na invoisi. Tafuta muuzaji, keti naye, hesabu siku alizongojea pesa yake. Halafu urudi kwenye invoisi. Hao Wamarekani wasome baadaye, na uwasome vizuri. Nitumie sura ya kwanza ikiwa tayari. Nikikutana na Chicago, yaani mkondo wa fikra wa akina Bork, kabla ya ukurasa wa kumi, nakurudishia kwa wino mwekundu.