Mzee wa Pampu Anajibu: "Sawa bosi", halafu pampu inaungua

*Shikamoo Mzee. Miezi minne iliyopita nilipewa kuongoza idara ya ufundi ya mamlaka ndogo ya maji huku kando ya Ziwa. Nina miaka 31. Kati ya mafundi wangu saba, wanne ni rika la baba yangu. Tangu nifike pampu imeungua mara mbili, kijiji cha mlimani kinakaa wiki bila maji, na meneja anataka niandike ombi la pampu kubwa zaidi. Nikitoa maelekezo mafundi wanaitikia "sawa bosi", kisha wanafanya walivyozoea. Nianzie wapi?*
*Mhandisi Mgeni, Sengerema*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kiti. Kina misumari, lakini ni kiti.

Ombi la pampu kubwa lilaze kwanza. Bomba ni lile lile, na ukilipitisha maji mara mbili ya sasa, hedi (msukumo wa pampu) inayoliwa na msuguano inakaribia kuwa mara nne. Utalipa umeme wa kusugua bomba, na mlimani wataendelea kukusema.

Mimi nataka kujua kilichoua pampu zile mbili. Barua yako haisemi, na nahisi hakuna aliyekuambia. Kama mota ni ya fezi tatu, zima umeme, fungua paneli, chungulia mwenyewe. Fezi moja ikikatika, mota inaendelea kuvuta kwa nyaya mbili zilizobaki mpaka koili zinaungua. Ipo rilei ya kuizima kabla ya kufika huko. Mara nyingi nimeikuta imerukwa kwa kipande cha waya, kimefungwa solatepu vizuri kabisa, kwa sababu rilei "ilikuwa inasumbua". Usimgombeze mtu siku hiyo. Aliyeuweka ule waya alikuwa anapigiwa simu na kijiji kizima saa tano usiku.

Ukitoka hapo, sikiliza upande wa kuvutia, yaani pale pampu inapovuta maji. Hapa naleta kosa langu mwenyewe. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda mpaka likaipita kidogo rekodi ya 1964, na maji yakaingia kituoni kwetu hadi kwenye miguu ya mota. Ndani ya siku tatu nikaihamishia pampu juu ya ukingo. Nilipongezwa, nikachinjiwa na mbuzi. Ziwa lilipoanza kurudi, maji yakawa chini sana, nami sikwenda kupima tena. Vitabu vinasema pampu inaweza kuvuta maji kutoka kina cha mita 10 hivi, lakini hapo wanazungumzia usawa wa bahari. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa inayoyasukuma maji kupanda bombani ina nguvu ndogo, kwa hiyo hata kwa nadharia ni kama mita 9. Ondoa msuguano, ondoa na mahitaji ya pampu yenyewe: kazini mimi sivuki 5. Ziwa liliporudi, sisi tulikuwa karibu 7.

Mwendesha pampu wetu, mzee asiye na cheti chochote, aliniambia mara mbili: "Bosi, inatafuna kokoto." Nikadhani anasema mchanga. Kumbe maji yalikuwa yanageuka mvuke mdomoni mwa impela (gurudumu linalozunguka ndani ya pampu) kwa kukosa mgandamizo, na yale mapovu yakipasuka yanamega chuma. Tulipoifungua, impela ilikuwa na vitundu kama mahindi yaliyoliwa na fukusi. Yule mzee alinyamaza tu, akaniletea kiti.

Ndiyo maana hiyo "sawa bosi" yako hainitishi. Fundi anaitikia hivyo akiwa ameshakuambia jambo halikusikika, au akijua agizo halitekelezeki na hataki kukuaibisha mbele za watu. Umemwagiza azibe bomba la inchi tatu. Je, stoo kuna klampu ya inchi tatu? Nenda kahesabu leo: klampu, soketi, gilandi za valvu, bearingi. Idara ya ufundi isiyo na klampu ni idara ya kuomba radhi.

Kisha mtafute aliye mkubwa kuliko wote kati ya wale wanne. Mwombe (mwombe, usimwagize) akutembeze bomba lote kwa miguu, kuanzia chanzo hadi kilula (kituo cha kuchotea maji) cha mwisho. Vaa buti, beba daftari. Ramani iliyoko ofisini kwako ilichorwa na mkandarasi kabla ya kuchimba. Iliyo sahihi imo kichwani mwa huyo mzee, na akistaafu anaondoka nayo. Atakuonyesha valvu iliyofukiwa chini ya genge la mama ntilie, na sehemu ambayo bomba lilikwepa mwamba. Maana huku kwetu mawe hayaombwi kupisha. Ukiichora upya, andika jina lake kwenye kona ya mchoro, juu ya lako. Uone kama wiki ijayo utaitikiwa vile vile.

Kuhusu mlimani, pale bomba linapopanda na kushuka hewa hujikusanya kwenye vilele na kuyabana maji. Angalia valvu za hewa. Nyingi zilifungwa kabisa siku zilipoanza kurusha maji, badala ya kusafishwa. Pengine maji hayafiki kwa sababu hiyo peke yake.

Pengine yanavuja na kuishia njiani. Hapo pima usiku. Zima pampu, na kati ya saa nane na saa kumi alfajiri, watu wakiwa wamelala, angalia tenki linashuka kiasi gani. Tuseme sakafu yake ni mita 5 kwa 5: kila sentimita moja ni lita 250. Likishuka sentimita 12 kwa saa hizo mbili, zimeondoka lita 3,000. Kwa siku nzima ni lita 36,000, ndoo 1,800 za lita 20. Mwonyeshe meneja wako hesabu hiyo kwa ndoo. Mameneja wanaelewa ndoo. Na kabla ya usiku wenyewe, hakikisha posho za watakaokesha umeshazisainisha. Mimi niliwahi kuahidi tu. Mara ya pili nilikesha na mlinzi peke yake.

Ukishaziba unavyoziba, ukasafisha valvu na kupima kina cha kuvutia, na bado mlimani pakavu, andika ombi la pampu. Hapo utakuwa unajua ya ukubwa gani.

*Mzee, mimi ni mjumbe wa chombo cha watumia maji, Ukerewe. Watu wanalalamika maji yananuka dawa, wanarudi kuchota ziwani. Tupunguze klorini?*

Kwanza niambie mnaipimaje. Kama ni kwa kikombe cha chai, hujui unapunguza nini. Unga wa klorini wa asilimia 65: ukitaka miligramu 1 kwa kila lita katika tenki la lita 50,000, unahitaji gramu 77 hivi. Ndoo yake ikiachwa wazi unga hupungua nguvu, mwendesha pampu anaongeza vikombe, kisha inafunguliwa ndoo mpya na vikombe vinabaki vilevile. Siku hiyo ndiyo kijiji kizima kinanusa.

Nunueni mizani ndogo na kipimo cha vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya pinki. Baada ya dawa kukaa ndani ya maji dakika 30, kilula cha mwisho kinatakiwa kusoma kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Pimieni pale, siyo tenkini. Maji yakiwa na tope au ukijani wa mwani yanakula dawa nyingi na harufu inazidi, kwa hiyo angalieni na chujio lenu. Wale wanaorudi ziwani waambieni konokono wa kichocho wanaishi palepale kwenye majani wanapoingia kuchota.