Re: RX100 VII au GR III?

Mkuu umeuliza kati ya kamera ndogo za Sony RX100 VII na Ricoh GR III uchukue ipi, ya mbugani Tarangire na ya kuzungukia hapa town Arusha. Kwa Tarangire wala usiumize kichwa, chukua Sony, ina zumu ya milimita 24 mpaka 200 (namba ikiwa kubwa ndo inavuta mbali), hiyo GR ni 28 tu haivuti kabisa, tembo akiwa ng'ambo ya mto anatoka kama kokoto. Ila tuseme ukweli, hata 200 kwa ndege bado ni fupi.

Sasa giza likiingia mambo yanageuka. Sensa ya Sony, ile inayonasa mwanga, ni ya inchi 1, na ukivuta mpaka mwisho lenzi inabaki f/4.5, yaani mwanga unaingia kidogo, picha zinaanza chengachenga, wakati GR ina APS-C, sensa kubwa zaidi, niliazima ya mshkaji nikampiga picha mama anayechoma mahindi pale soko la Kilombero saa moja usiku, mwanga wa makaa tu, mpaka cheche unaziona.

Halafu vumbi, zote mbili hazijazibwa. Kamera yangu ndogo ya zamani ilimeza vumbi, kila picha ya anga ina kidoa cheusi kona ya kulia 😅 we itie kwenye mfuko wa zipu. Na ukichukua GR nunua betri ya pili, moja ni picha kama 200 tu imekata.