Tunutu chini ya jiwe

Swali: Shikamoo Mzee. Ninafundisha baiolojia sekondari hapa Morogoro. Mwezi uliopita nilipanda na klabu yetu njia ya Morningside, tukawa tunageuza mawe mtoni. Chini ya jiwe moja tulikuta mdudu bapa, rangi ya kahawia yenye mabaka ya njano, mikia miwili, urefu kama sentimita moja na nusu. Tulipomtia ndooni akaanza kupiga pushapu. Watoto walicheka mpaka basi. Programu ya simu imesema ni Neoperla spio, asilimia 91. Mwalimu mwenzangu anabisha, anasema ni efemera tu (wale wadudu wa mtoni ambao wakishapata mbawa huishi muda mfupi). Nani yuko sahihi, na kwenye ripoti yetu tuandike nini? (Mwalimu, Morogoro)

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Picha zote tatu nimezipata. Mbili za mgongoni ni nzuri za kubandika ukutani, lakini iliyonifaa ni ile ya tatu, mlipomlaza mdudu chali kwenye kifuniko cha ndoo. Aliyepata wazo hilo mnunulie soda.

Nianze na huyo mwenzako. Nadhani alihesabu mikia, na mikia ndiyo inayowapoteza wengi. Efemera wengi wana mitatu, ila wapo wenye miwili, na wa katikati ukikatika kwenye wavu utaapa kwamba haukuwapo. Mimi huanzia miguuni. Tunutu, yaani mdudu mchanga ambaye hajapata mbawa, wa efemera ana ukucha mmoja kila mguu, huyu wenu ana mbili, na lenzi ya mkononi inatosha kuziona. Kisha tazama matamvua. Ya efemera yamejipanga ubavuni mwa tumbo, mara nyingi kama vijani. Ya huyu yako kifuani, kwenye mashina ya miguu, vishungi vya nyuzi nyeupe kama pamba iliyochomoza kwapani. Kwenye picha ya tatu yanaonekana bila shaka yoyote. Kwa hiyo ni wa Plecoptera, oda nyingine ya wadudu wa mtoni. Kiswahili hakijampa jina linalojulikana na wote. Mimi humwita nzi-mawe, na mwenye jina zuri zaidi la kijijini kwake aniletee.

Zile pushapu mlizocheka, kwake hazikuwa mchezo. Maji ya ndoo yalikuwa yamesimama na yanapata joto, hewa inapungua, naye anainuka na kushuka ili maji yapite kwenye matamvua yake. Mtoni kazi hiyo hufanywa na mkondo. Safari nyingine mkiona hivyo, badilisheni maji haraka.

Kufika kwenye jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) kwetu huku ni rahisi kuliko wanavyodhani watu. Familia ya nzi-mawe iitwayo Notonemouridae iko kusini mwa Afrika na Madagaska. Sisi wa ukanda wa tropiki tuna familia ya Perlidae, na Perlidae wetu karibu wote ni Neoperla. Ukitaka kujiridhisha, tafuta vijicho vidogo vya utosini, katikati ya macho makubwa. Neoperla anavyo viwili, wakati jamaa zake wengi wa nchi za baridi wana vitatu. Mpaka hapo simu yako haijakosea.

Imekosea kwenye neno la pili, yaani jina la spishi, na si kosa la simu peke yake. Jina spio lilitolewa na Mwingereza Edward Newman mwaka 1839. Baadaye wengine walileta vielelezo kutoka huku na huku barani, wakaongeza majina yao, hadi majina yakawa rundo. Mwaka 1952 mtafiti Hynes aliupitia mkusanyiko wa Afrika akaona tofauti zinaingiliana mno, akaamua wote ni spishi moja yenye sura nyingi. Tangu hapo ukiokota nzi-mawe popote, iwe Ghana, Kenya au Uluguru, ulimwandika spio ukaenda kulala. Halafu mwaka 1976 Mjerumani Peter Zwick akachapisha kazi yake juu ya nzi-mawe waliotoka kwenye kijito kimoja cha milimani huko Kivu, mashariki mwa Kongo. Kijito kimoja tu, na ndani yake zaidi ya spishi moja! Hakuwatofautisha kwa rangi ya kichwa wala urefu wa bawa. Aliangalia kiungo cha uzazi cha dume na maganda ya mayai ya jike.

Ndiyo maana nasema spio imekuwa gunia. Programu yako imejifunza kwa picha ambazo watu walizipa jina lililomo guniani, na hiyo asilimia 91 ni uhakika wa gunia.

Mkitaka kwenda mbele, tunutu hatawafikisha. Mnahitaji mdudu mzima. Tafuteni tunutu aliyekomaa, ambaye vifuko vyake vya mbawa vimekuwa vyeusi. Mwekeni kwenye chombo chenye maji ya mtoni na pampu ndogo ya tangi la samaki, jiwe lichomoze juu ya maji, chandarua juu yake. Habadiliki kuwa bundo kama kipepeo. Usiku mmoja atapanda jiweni, mgongo utapasuka, atatoka na mbawa zilizolala bapa mgongoni. Lile gamba tupu msilitupe: liingie chupa moja na mwenyewe, maana ndilo litakalowaambia tunutu yupi ni wa mzima yupi. Njia nyingine ni shuka jeupe na taa kando ya mto baada ya magharibi, ingawa hapo mtapata mzima bila utoto wake.

Dume hukatwa ncha ya tumbo, ikalainishwa kwa potasiamu haidroksaidi, kisha kile kiungo hutolewa nje taratibu kama kugeuza kidole cha glavu. Mpangilio wa vijimiba vyake ndio sahihi yake. Jike mnatoa mayai tumboni. Kila yai halifiki nusu milimita, lakini chini ya hadubini ganda lina mistari na vishimo kama ukindu uliosukwa. Kazi hiyo haifai meza ya darasa. Tafuteni chuo chenye maabara ya wadudu, na mguu mmoja uhifadhiwe kwenye spiriti ya asilimia 96 kwa ajili ya DNA.

Lebo iandikwe kwa penseli, kwenye karatasi ngumu, iwekwe NDANI ya chupa. Ujanani, nilipokuwa fundi wa maabara, niliandika lebo 40 kwa peni ya kawaida. Asubuhi nilikuta chupa 40 za maji ya bluu na karatasi nyeupe. Vielelezo vya miezi mitatu, na hakuna aliyejua kipi kimetoka mto gani. Mkuu wangu hakunigombeza, alinipa penseli tu, jambo lililoniuma zaidi.

Kwenye ripoti andikeni hivi: Neoperla sp., tunutu mmoja, mto, mwinuko, tarehe, jina la aliyemshika. Hiyo “sp.”, yaani spishi bado haijajulikana, isiwatie aibu.

Swali: Mzee, nasoma kutoka Lushoto. Wadudu wa namna hiyo wamejaa kwenye kijito tunachochotea maji. Je, wana sumu? Maji yatakuwa machafu? (Mama wa watoto wanne)

Jibu: Hapana mama, hawana sumu. Wana meno ya kuwindia mabuu na tunutu wadogo, si watu. Na kuwapo kwao ni habari njema kwa kijito: wanataka maji ya baridi, yanayokwenda kasi, yenye hewa nyingi. Katika SASS5, mfumo wa Afrika Kusini wa kupima mito kwa wadudu, Perlidae hupewa alama 12 katika mizani inayoishia 15. Ila mdudu hajui habari za kipindupindu wala homa ya matumbo. Ng'ombe akinywea juu yenu au choo kikivuja, nzi-mawe anaweza kubaki pale pale jiweni. Maji ya kunywa endelea kuyachemsha.