Beki unayekwenda kucheza nje, anza na haya

Straika akituma video ya dakika 3 yenye mabao 10, kuna mtu atampigia simu. Wewe beki usitegemee hilo. Kocha anayetafuta beki wa kati hataki kuona ulivyomchukulia mtu mpira kwa kuteleza mara 5. Anataka dakika 90 nzima, mechi 3 au 4, na mojawapo iwe ile mliyofungwa. Anaangalia unasimama wapi mpira ukiwa upande wa pili, unageuza shingo mara ngapi, na ukishakosea unacheza vipi dakika 5 zinazofuata. Beki husajiliwa kwa sababu anaaminika, na uaminifu huo unaanza kwenye video, unapita kwenye karatasi, unafika uwanjani.

Kama mechi zenu hazirushwi, tafuta mtu apande juu kadiri inavyowezekana, usawa wa mstari wa kati, arekodi kwa upana ili mstari mzima wa mabeki uonekane. Video inayokimbizana na mpira tu haimsaidii beki, kwa kuwa kazi yake kubwa huifanya akiwa hana mpira.

Karatasi ndizo zinazoua safari nyingi. Jina na tarehe ya kuzaliwa vifanane herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, pasipoti na usajili wako wa shirikisho, iwe TFF ya Tanzania, FKF ya Kenya au jingine. Uhamisho wa kimataifa hupita kwenye mfumo wa FIFA uitwao TMS, na bila ITC, yaani hati ya uhamisho wa kimataifa, kutoka shirikisho la nyumbani huruhusiwi kucheza. Tarehe zikipishana, maswali yanaanza, siku zinakwenda, dirisha la usajili linafungwa. Hakikisha pia klabu na akademi ulizopita tangu miaka 12 zimeandikwa. Ukiuzwa nje kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa walimu wako wa zamani, yaani klabu ulizosajiliwa kati ya miaka 12 na 23. Akademi ya mtaani ambayo haikuwahi kukusajili rasmi haitapata kitu, na inauma kuona waliokulea wakiambulia patupu.

Kama hujatimiza miaka 18, sheria ya FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa isipokuwa kwa sababu chache, mfano wazazi wamehamia nchi hiyo kwa mambo yasiyohusu mpira. Anayekuambia ana klabu ya Ulaya inayokutaka ukiwa na miaka 16 anakudanganya au anakuingiza kwenye matatizo. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na jina lake unaweza kulitafuta mwenyewe kwenye orodha yao. Mkataba wako naye usizidi miaka 2. Usilipie majaribio hata senti moja. Barua ya mwaliko ikifika, usipige namba iliyoandikwa ndani yake. Tafuta namba ya klabu kwenye tovuti yake rasmi, uliza kama wanakujua.

Kwenye mkataba wa klabu, swali la kwanza ni kama mshahara uliotajwa ni kabla ya kodi au baada ya kodi. Tofauti yake Ulaya ni kubwa mno. La pili, vipimo vya afya vifanyike kabla ya kusaini, kwa kuwa FIFA hairuhusu uhalali wa mkataba utegemee kufaulu vipimo au kupata kibali cha kazi. Nyumba, tiketi za ndege na bonasi ziandikwe. Ahadi ya mdomo haina thamani kiongozi akibadilika. Usisaini lugha usiyoisoma. Omba nakala ya Kiingereza na mpe mwanasheria, au chama cha wachezaji, SPUTANZA kwa Tanzania na KEFWA kwa Kenya.

Mshahara ukikwama, usipande ndege kurudi nyumbani kwa hasira. Hapo ndipo wengi hupoteza haki yao, kwani klabu inasema umetoroka. Wasipokulipa mishahara ya miezi 2, unawaandikia rasmi na kuwapa angalau siku 15 walipe. Wasipolipa ndipo unaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali na kudai FIFA. Una miaka 2 ya kupeleka madai. Tunza taarifa zote za benki.

Kuhusu klabu ya kwanza, chagua utakapocheza. Beki anayesugua benchi klabu kubwa hakui, maana nafasi yake inajengwa kwa mechi zinazofuatana. Tazama njia ya Joseph Okumu wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya: Free State Stars ya Afrika Kusini, Real Monarchs ya Marekani ambayo haikuwa ligi kuu, kisha baada ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2019 akaenda Elfsborg ya Sweden, Gent ya Ubelgiji mwaka 2021, Reims ya Ufaransa mwaka 2023. Ngazi kwa ngazi. Sweden msimu huanza majira ya kuchipua na kuisha Novemba, hivyo anayefika Januari anapata maandalizi kamili na wenzake. Viwanja vingi huko ni nyasi bandia: nunua njumu zenye meno mengi mafupi. Meno marefu hung'ang'ania chini wakati goti linageuka.

Sasa uwanjani. Lugha ni sehemu ya kukaba. Kabla ya salamu ndefu, jifunze maneno 12 hivi kwa lugha anayotumia golikipa wako: panda, shuka, mtu nyuma, una muda, geuka, wangu, acha, kushoto, kulia, funga ndani, toa, shika mtu. Beki mkimya huonekana hajui hata akiwa anajua. Mpira ukirudishwa nyuma na adui, panda na mstari wote mita kadhaa. Mwenye mpira akiwa hana wa kumbana na kichwa kimeinuka, shuka mapema, maana pasi ya nyuma yenu iko njiani. Makosa mengi hutokea mmoja anaposhuka na watatu wakapanda. Hapo mtego wa kuotea unakufa.

Ukikutana na winga ana kwa ana, usisimame mraba, miguu sambamba. Hapo atapitisha mpira katikati ya miguu yako au atakuacha upande wowote autakao. Simama ubavu, mguu mmoja mbele, magoti yamekunjwa kidogo, umbali wa mita 1 na nusu hivi, umwachie upande wa mstari wa pembeni. Punguza mwendo kabla hujamfikia, kwa hatua fupifupi. Macho kwenye mpira. Kiuno na mabega yake yanaongopa. Mikono iwe karibu na mwili unapoingia boksi. VAR, yaani mwamuzi wa video, inaona jezi iliyovutwa ambayo nyumbani mwamuzi angeiacha.

Tangu 2019 golikiki inaweza kupokelewa ndani ya boksi, na klabu nyingi huanzia hapo. Angalia kabla mpira haujaja, fungua mwili, upokee kwa mguu wa mbali na adui. Ukipokea ukiwa umeelekeza uso kwenye goli lenu, umebanwa tayari.

Mwili wa beki huvunjikia misuli ya nyuma ya paja, kwenye mbio za ghafla kurudi nyuma. Piga magoti kwenye godoro, mwenzako ashike vifundo vya miguu kwa nguvu, kisha shuka mbele taratibu, mgongo umenyooka, ukizuia mpaka mikono ipokee sakafu. Wiki ya kwanza fanya siku 1 tu, seti 2 za marudio 5. Ya pili siku 2, seti 2 za 6. Halafu ongeza polepole. Wanaoanza na seti nyingi hushindwa kutembea kesho yake na kuliacha zoezi.

Dawa yoyote, hata ya kikohozi au mitishamba kutoka nyumbani, mwonyeshe daktari wa timu kabla ya kumeza. Kipimo cha doping, yaani dawa zilizokatazwa michezoni, hakijali kama ulijua au hukujua.

Na ukitoka kuitumikia timu ya taifa, kumbuka malaria. Anayeishi Ulaya miaka kadhaa hupungukiwa na kinga aliyokuwa nayo, na homa inaweza kuanza wiki moja hadi nne baada ya kurudi, wakati mwingine zaidi. Daktari wa huko atafikiria mafua kwanza. Mwambie wazi ulikotoka na tarehe uliyorudi, na umwombe akupime malaria siku hiyohiyo. Usisubiri mazoezi ya kesho.